Mlango wa Kutokea

Saa nane usiku, Tabora, chumba cha mitambo nyuma ya stesheni,
kiyoyozi kinakoroma kama mlevi aliyeachwa na treni,
na mimi Milembe nimevaa sweta mwezi wa Novemba
huku nje mabati yakitoa jasho.

Picha za vifua hazifiki.
Kaliua wanazituma, hapa zinaingia nusu:
mbavu tatu, kivuli, kisha kijivu kitupu.
Daktari Mpuya anapiga simu, hasalimii.
"Huyu mzee anaumwa mapafu au anaumwa mtandao?"

Nafungua ruta. Nauliza: kwenda Kaliua, njia ipi?
Inajibu bila haya: zote mbili, ni sawasawa.
Mkongo uliozikwa kando ya reli: gharama moja.
Redio ya mnara wa Urambo,
inayopepesuka hata kumbikumbi wakiruka:
gharama moja.

Kipimo chake kilitungwa zamani,
enzi megabiti mia ilikuwa utajiri.
Chochote kilichofika mia, au kuipita mara kumi,
kinaitwa moja.
Ni yule mnunuzi wa asali aliyekuja Sikonge na kopo lake:
ndoo akaiita kopo, pipa akaliita kopo,
akashangaa watu wakimcheka.

Mashine haidanganyi. Inajumlisha tu.
Haijui mvua, haijui kutu,
haijui mlinzi anayeuza dizeli ya jenereta.
Inafuata jumla ndogo,
na namba za kujumlisha tunaipa sisi.

Naandika: mkongo, kumi.
Redio, mia nne.
Mia nne si kilomita, wala si shilingi.
Ni neno langu kwake:
usipite hapa, ila pengine pote pawe pamekufa.

Naangalia skrini. Ruta zinapashana habari,
ramani inajichora upya, kimya, bila hata kukohoa.
Natuma pakiti: inakwenda vizuri.
Inarudi ikichechemea.

Ndipo nakumbuka kile nilichofundishwa siku ya pili kazini
nikakijibu kwenye mtihani, nikapata vema:
gharama huandikwa kwenye mlango wa kutokea.
Nimeandika wangu.
Kaliua ana wake, na wake bado unasema moja, moja.

Namwamsha Ntahondi.
Anachapa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika tochi.
"Kumi?" Kumi.
"Mia nne? Una hakika, dada?" Mia nne.

Pafu linaingia zima.
Juu kushoto kuna doa jeupe, kama alama ya chaki.
Mpuya hasemi asante, anakata simu,
na najua ameshika kalamu.

Ntahondi ananikumbusha: hifadhi.
Umeme ukikatika kabla hujahifadhi,
kila kitu kinarudi kilivyokuwa.

Mama yangu yuko Nguruka, mbele kidogo ya Kaliua, reli ileile.
Kila Jumapili anapanda kichuguu nyuma ya ghala la tumbaku
kwenye mtandao, ananipigia.
Anamkabidhi mhudumu wa behewa samaki wakavu
waliofungwa kwa mpira wa baiskeli,
jina langu limekosewa herufi, mwaka wa tisa sasa.
Kutoka kwake kuja kwangu: moja.

Kutoka kwangu kwenda kwake nimejumlisha
likizo, nauli, zamu,
na swali atakaloniuliza kuhusu mume niliyemwacha,
nikafika mia nne.
Napita huko pengine pote pakiwa pamekufa.
Mara ya mwisho alikuwa baba.

Hakuna Ntahondi wa kuamshwa kwa hili.
Mlango ni wangu.

Saa kumi na moja. Ameshaamka, anapuliza moto,
simu yake iko dirishani ndani ya kikombe,
pale inaposhika mstari mmoja.
Nabonyeza jina lake.
Inaita.
Inaita.
Bado sijahifadhi.